Zuhra Mshona Mabawa

Zuhra binti Akida alikuwa fundi wa kushona vitu vizito. Magauni na sare za shule aliwaachia mafundi wa sokoni. Yeye alishona viti vya magari, maturubai ya malori ya pamba, na mahema ya watu waliokwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Alifanyia kazi barazani kwake Kambarage, mjini Shinyanga, kwa cherehani ya mguu aliyoachiwa na marehemu baba yake, mtu wa Tabora aliyefika Shinyanga kushona kanzu, akaoa Msukuma wa Samuye na asirudi tena kwao. Kwa baba Zuhra alirithi ufundi. Kwa mama alirithi mabega mapana na tabia ya kutosema anapochoka.

Na mwaka huo wa tisini na tano alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa mtu aliyetoka shamba, ambao ukila ukalala unakwisha. Wa kwake ulikuwa umehamia mwilini kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Mumewe, Abdulshakur, alikaa Geita miaka mingi, kwanza akiteremka duarani, ndani ya mashimo ya dhahabu, kama wachimbaji wengine, kisha, magoti yalipokataa, akahamia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akimeza vumbi jeupe kutwa nzima. Dhahabu haikumkalia. Vumbi ndilo lililomkalia. Alirudi nyumbani na kifua kilichokuwa kikipiga mluzi, na tangu hapo Zuhra ndiye aliyemwinua, aliyemlaza, aliyemwogesha na kumpikia uji, kisha akarudi kwenye cherehani. Binti yao wa pekee, Kijakazi, alikuwa ameolewa huko huko Geita na ana watoto wadogo. Alikuja alipoweza, na si mara nyingi aliweza.

Siku moja ya kiangazi, saa za alasiri, Mhindi mmoja mrefu mwenye mvi alisimama mbele ya baraza na kubisha hodi kwa adabu.

“Karibu, Baba Hemal,” Zuhra alisema bila kuinuka, kwani turubai lilikuwa limemlemea mapajani. “Shikamoo.”

“Marahaba, Mama Kijakazi. Mgonjwa anaendeleaje?”

“Tunashukuru. Leo amekunywa uji wote.”

Huyo alikuwa Jashvant, mwenye duka la vipuri karibu na stendi. Mji mzima ulimjua, na si kwa sababu ya duka. Katika ghala la kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa cha baba yake, kiwanda kilichokwisha kufa zamani, Jashvant alikuwa anaunda ndege. Ndege ya kweli ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kwa mbao na vyuma na kitambaa, akifuata michoro aliyoagiza ng'ambo. Wengine walisema Mhindi amepata wazimu. Wengine walisema anaunda jeneza lenye mabawa. Mkewe, Anar, alivumilia miaka hadi harufu ya rangi kwenye nywele za mumewe ikamshinda, akahamia Nairobi kwa binti yao Vaishali, akawa anakuja Diwali tu. Mwana wao Hemal alikuwa Uingereza na hakuwa na nia ya kurudi.

Jashvant aliweka mezani kibunda cha waya mwembamba sana, wa aina ile inayowaka ndani ya majiko ya umeme.

“Unaweza kuushona huu katikati ya vitambaa viwili?” aliuliza. “Uende na kurudi, kama mwendo wa nyoka, lakini usijiguse hata mahali pamoja. Ukijigusa unaungua.”

“Unataka blanketi la umeme?”

“La ndege,” alisema Jashvant. “Nataka mabawa yapate joto.”

Zuhra alimtazama vizuri kuona kama anatania. Nje jua lilikuwa linapiga mpaka mbwa wamejificha chini ya magari. Akaona macho ya yule mzee, mekundu, yenye mifuko chini yake, na akatambua jambo alilolijua kuliko mtu yeyote mtaani: huyu naye amechoka. Hakucheka.

“Kesho nitakuja niione hiyo ndege,” alisema.

*

Mlangoni mwa ghala alimkuta mlinzi, mzee Ngassa, amekaa juu ya debe.

“Mwangaluka, mama,” alimsalimu Kisukuma.

“Mwangaluka, baba. Eti nimekuja kuifunika ndege isishikwe na baridi.”

Ngassa alicheka mpaka akashika mbavu. “Baridi Shinyanga! Mitungi yetu inakauka, yeye anaogopa baridi!”

Jashvant alimsikia kutoka ndani wala hakukasirika. Alikuwa amekwisha kuzoea. Alimwongoza Zuhra mpaka kwenye ndege. Ilikuwa imesimama katikati ya ghala, nyeupe, mabawa yakiwa yamevishwa kitambaa kilichokazwa vizuri mno hivi kwamba Zuhra, bila kufikiri, alikigonga kwa kidole akasikia kinalia kama ngoma ndogo. Akapitisha mkono kwenye mshono. Ulikuwa umeshonwa kwa mkono, sindano kwa sindano, na mtu asiyejua kushona lakini asiyekata tamaa.

“Umeshona mwenyewe?”

“Mwenyewe. Ndiyo maana mgongo wangu umepinda.”

Akamweleza kwa lugha nyepesi. Hapa chini ni joto, alisema, lakini ukipanda juu vya kutosha, hata juu ya Shinyanga, unakuta baridi inayoua. Mawingu ya huko yana matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi lakini hayajaganda, yanangoja tu kitu cha kugusa. Bawa likipita, matone yanaligusa na kuganda hapo hapo kwenye ukingo wa mbele. Barafu inanenepa. Bawa linapoteza umbo lake, linakuwa gogo, na gogo haliruki.

“Umeona wapi mambo hayo?”

Jashvant aliokota vumbi lisilokuwepo juu ya bawa.

“Mdogo wangu Rushabh alikuwa rubani,” alisema. “Yeye ndiye aliyenifundisha kuruka. Alikuwa anatoka Arusha kuniletea vipuri vya mashine za pamba. Juu ya milima ya Mbulu alikuta wingu kubwa, akapanda ili alipite kwa juu. Hakulipita. Waliomwokota walisema vipande vya barafu vilikuwa bado vimeng'ang'ania mabawa yaliyolala majanini, ingawa jua limekwisha kutoka.”

“Pole, Baba Hemal.”

“Ni zamani. Mimi nataka tu kupita pale. Nipite salama nirudi. Basi.”

Zuhra hakuuliza kwa nini. Alitoa kile kibunda cha waya alichokuja nacho na kuuliza kama kuna mkasi.

*

Kazi hiyo haikuwa na haraka, na labda ndiyo sababu Zuhra aliipenda. Mume akishalala mchana na jirani yake Gulnaz akikubali kumtupia jicho, alikuwa anakwenda ghalani kwa saa chache. Alikata vitambaa vipana kama kiganja, akachora kwa chaki njia ya waya, akaushona kwa uzi wa pamba kwenda na kurudi. Jashvant alikata tyubu za matairi ya malori, akazipaka solusheni ile ya mafundi baiskeli, akabandika mpira juu ya kitambaa ili maji yasipenye. Kila mkanda ukikamilika walikuwa wanaulaza kwenye ukingo wa mbele wa bawa na kuupima. Wa kwanza kabisa uliungua. Moshi ulitoka, harufu ya mpira ikajaa ghala, na Ngassa akakimbia na ndoo ya mchanga. Bawa lilibaki na doa jeusi. Wakaanza upya.

Jambo lililomshangaza Zuhra ni kwamba mikanda yote haikuweza kuwaka kwa pamoja.

“Umeme wa injini hautoshi,” Jashvant alimweleza. “Nikiwasha yote, betri inakufa. Kwa hiyo tunawasha mmoja, unapata moto, unabandua barafu yake, kisha unapumzika, tunawasha mwingine. Zamu kwa zamu. Hii swichi inazunguka yenyewe.” Akamwonyesha kidude alichokitengeneza kwa mota ya kufutia kioo cha gari.

“Kumbe hata chuma kinapewa zamu,” Zuhra alisema, akaendelea kushona.

Njiani kurudi nyumbani maneno yake mwenyewe yalimfuata. Yeye hakuwa na wa kupokezana naye.

Walipotaka kujua kama mikanda itafanya kazi kweli, tatizo likawa pa kuipata hiyo barafu. Gulnaz ndiye aliyewaokoa. Mama huyu mnene mwenye sauti kubwa aliuza maji ya matunda na lambalamba kutoka kwenye friza iliyosimama sebuleni kwake kama mgeni wa heshima. Jashvant alitengeneza kipande kifupi cha bawa, urefu wa mkono, akakibandika mkanda, wakakiingiza kwenye friza kati ya lambalamba na samaki wa Mwanza, na kila Gulnaz alipopita alikuwa anakirushia maji. Siku ya pili walikitoa kikiwa kimevaa koti la barafu nene.

Waliunganisha betri pale pale sebuleni. Abdulshakur alikuwa ameletwa kwa baiskeli ya kukodi, akakalishwa kwenye kochi na mto nyuma ya mgongo, maana alikuwa amesema hataki kufa bila kuona ujinga huo kwa macho yake. Walingoja. Hakuna kilichotokea. Gulnaz akaanza kusema kuwa samaki wake watanuka. Ndipo ukasikika mlio kama wa jino linalong'oka, tk, na barafu yote, nzima nzima kama ganda la yai, ikateleza kutoka kwenye bawa na kuanguka sakafuni.

“Haikuyeyuka!” Gulnaz alipiga kelele.

“Haina haja ya kuyeyuka yote,” Jashvant alisema. “Inatosha iachie.”

Abdulshakur alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu, Zuhra akimshika mabega. Alipopata pumzi alisema, “Mke wangu, umeshona jambo.” Kisha akaomba lambalamba.

*

Abdulshakur hakufika masika ya mwaka uliofuata. Alifariki asubuhi moja ya mvua, Zuhra akiwa nyumbani, kwa bahati, akimgeuza ubavu. Alikuwa mwepesi mikononi mwake kama kitambaa. Walimzika alasiri, na usiku Kijakazi aliingia kutoka Geita, matope hadi magotini, akakuta matanga.

Zuhra akakaa eda. Hakutoka, hakupokea wageni wa kiume, na kwa mara ya kwanza tangu kuolewa hakuwa na mtu wa kuamka kwa ajili yake. Watu walidhani sasa atapumzika. Haikuwa hivyo. Uchovu uliokuwa umesimama mlangoni miaka yote hiyo, ukingoja nafasi, uliingia ndani wote kwa pamoja. Alikuwa anakaa kitandani akitazama ukuta, chai ikipoa mkononi. Hata kulia aliona kazi.

Ni Gulnaz aliyemjia na furushi. “Mhindi wako amenituma,” alisema. “Nimemwambia huwezi. Amesema si lazima. Amesema, ‘Mpe tu, ashone akitaka, asiposhona ni sawa.’ Ameleta vitambaa na waya wake.”

Furushi lilikaa pembeni siku nyingi. Kisha asubuhi moja Zuhra alilifungua kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa. Akachora njia ya waya. Akashona. Mikanda ya bawa la kulia yote aliishonea humo chumbani, katika nguo nyeupe za eda, na Gulnaz akawa anaipeleka ghalani ikiwa imeviringwa ndani ya kanga. Jashvant alikuwa anatuma shukrani na matunda. Hakumharakisha hata mara moja.

Eda ilipokwisha na Zuhra akarudi ghalani, alimkuta yule mzee amekonda. Walipima mikanda iliyobaki, wakaibandika, na mwisho wa mwaka huo ndege ilitolewa nje mchana kweupe, ikavutwa na trekta taratibu mpaka uwanja wa ndege wa Ibadakuli, nusu ya mji ikifuata nyuma. Jashvant aliirusha. Iliinuka kama kitu kisichotaka, ikazunguka juu ya mji, ikatua. Watu walishangilia. Hakuna aliyesema jeneza tena.

*

Mwaka wa tisini na saba, Juni, msimu wa baridi na upepo, Jashvant alisema yuko tayari kwa Mbulu. Lakini ile swichi ya kuzunguka yenyewe ilikuwa imeanza kukwama. Aliifungua na kuifunga, ikakwama tena.

“Nitazungusha kwa mkono,” alisema.

“Utaongoza ndege, utazungusha swichi, na utageuka kutazama mabawa yote mawili?” Zuhra alimwuliza. “Mikono yako ni miwili tu, Baba Hemal. Kiti cha nyuma kina mtu?”

Jashvant alitikisa kichwa. “Hapana. Wewe una binti. Una wajukuu.”

“Mikanda yote naijua kama vidole vyangu. Nani mwingine utamweka?”

Alijua mwenyewe kwamba hilo halikuwa jibu kamili. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu hakuwa amekitaka kitu chochote, na hiki alikitaka. Gulnaz aliposikia alimtukana, akalia, halafu akamletea sweta mbili. Zuhra alivaa zote mbili na juu yake koti la Abdulshakur.

Waliondoka asubuhi. Walizungumza kwa bomba la mpira, kila mmoja na ncha yake, kwa sababu injini ilimeza kila sauti. Chini yake Zuhra aliona mashamba ya pamba yaliyovunwa, maboma ya ng'ombe, njia nyembamba za watu waendao mnadani, na kila kitu kilikuwa kidogo na kimya. Hakuogopa. Alikaa akitazama, na kichwani mwake hamkuwa na kitu, na hilo lenyewe lilikuwa mapumziko.

Kisha wakaanza kupanda. Ziwa Eyasi lilitokea chini, jeupe kwa magadi, na mbele yake ukaonekana ukuta wa milima ya Mbulu wenye wingu juu yake kama godoro. Hewa ikawa nyembamba. Kucha za Zuhra zikabadilika rangi, pumzi ikawa fupi, na akamkumbuka mumewe, jinsi alivyokuwa anavuta hewa isiyokaa. Akajua sasa, mwilini mwake, kile ambacho mumewe alikuwa anakisema kwa macho. Baridi ilipenya sweta na koti ikafika kwenye mifupa.

“Tunagusa wingu,” sauti ya Jashvant ilisema ndani ya bomba.

Dunia ikawa nyeupe. Mwanzoni Zuhra hakuona kitu. Halafu kwenye ukingo wa bawa la kushoto ukatokea mstari mwembamba, kama chumvi. Ukazidi. Bawa la kulia nalo likawa hivyo hivyo.

“Imekuja,” alisema. “Pande zote mbili.”

“Anza.”

Alizungusha swichi. Moja, kushoto karibu na mwili wa ndege. Akasubiri, akakaza macho. Barafu ilipasuka, ikatoka kipande kizima na kupeperushwa nyuma. Akazungusha: kulia, karibu na mwili. Ikatoka. Kushoto, mwisho wa bawa. Ikatoka. Kulia, mwisho wa bawa.

Barafu haikutoka.

Alirudisha swichi, akaiweka tena. Alitazama sindano ya geji aliyoonyeshwa: haikusogea. Mkanda ule haukuwa unapokea umeme. Na hapo mwisho wa bawa la kulia barafu ilikuwa inanenepa, yenye vinundu, ya rangi ya maziwa. Ndege ikaanza kulalia upande huo, kidogo, kama mtu mwenye mzigo bega moja.

“Wa mwisho wa kulia haushiki moto,” alisema kwenye bomba.

“Zungusha tena.”

“Nimezungusha. Umekufa.”

Injini ilinguruma. Jashvant aliirudisha ndege sawa kwa nguvu, ikalalia tena.

“Tumebakiza kidogo sana, Mama Kijakazi,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. “Ni ng'ambo ya ukingo huu. Ni pale tu. Dakika chache.”

Zuhra aliona kisogo chake, kofia ya sufu, mabega yaliyopinda. Alifikiria miaka yote ambayo mzee huyo alifanya kazi ile peke yake ghalani. Tabia yake ya zamani ilimwambia anyamaze, maana maisha yake yote alikuwa ameyabeba ya watu kwa kunyamaza. Aliweka mdomo kwenye bomba.

“Baba Hemal, mimi nataka kurudi.”

Ndege iliendelea mbele.

“Nimechoka kuzika,” Zuhra alisema. “Nakuomba. Geuza.”

Kisha ndege ikainama, ikageuka, na weupe ukaanza kukimbia upande mwingine. Walitoka wingu ghafla, jua likawapiga usoni, na Jashvant akaishusha ndege kuelekea ziwa, chini, chini zaidi, mpaka joto likawapokea. Barafu ya bawa la kulia iliachia yenyewe vipande vipande. Kimoja kiligonga mkia kwa kishindo, Zuhra akapiga kelele kwa mara ya kwanza. Wakarudi Ibadakuli.

Walipotua, Jashvant hakushuka. Alizima injini na kubaki amekaa, mikono juu ya magoti. Zuhra alishuka peke yake, akasimama kando ya bawa.

“Sikujua kuna baridi kiasi kile,” Jashvant alisema mwishowe. “Siku ile Rushabh alivaa shati tu. Nilimwona kwenye picha aliyopigwa Arusha asubuhi hiyo. Shati la mikono mifupi.”

Zuhra alimwachia muda. Ngassa, aliyekuja kuwapokea, alisimama mbali amevua kofia, akidhani mtu amekufa.

Baadaye waliufungua ule mkanda. Waya ulikuwa umekatika mahali pa kiungo, pale ulipokutana na waya wa kuletea umeme.

“Kiungo changu au chako?” Zuhra aliuliza.

Jashvant alikigeuza geuza mwangani. “Hata sijui,” alisema, akakiweka chini. “Na sina hamu ya kujua.”

*

Hakujaribu tena. Watu waliotaka kujua kama alifika Mbulu aliwaambia hakufika, akaendelea kuwauzia vipuri. Mara mbili tatu aliruka chini chini kuelekea upande wa Tinde, siku za anga safi, akarudi kabla ya chai. Mwishoni mwa mwaka mvua kubwa zilianza, zile zilizokata barabara na kuzamisha mashamba, na paa la ghala likavuja. Anar alikuja na Vaishali kumchukua. Alikwenda bila ubishi. Siku ya kuondoka alipita Kambarage kuaga, akiwa amevaa suti iliyompwaya, akasimama barazani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

“Sasa unapumzika, Baba Hemal,” Zuhra alimwambia.

“Nasikia watu wanapumzika,” alijibu. “Nitajaribu. Na wewe?”

“Na mimi nitajaribu.”

Walishikana mikono, akaondoka. Ndege ilichukuliwa na klabu moja ya marubani wa nchi jirani, ikafunguliwa mabawa na kupakiwa kwenye lori. Ngassa alisimamia, akitoa amri nyingi kuliko zilizohitajika.

Barabara zilipopitika tena, Zuhra alifunga nyumba, akampa Gulnaz ufunguo, akahamia Geita kwa Kijakazi. Cherehani aliichukua. Makampuni yalikuwa yanazidi kuja kutafuta dhahabu, na mahema na viti vya magari vilikuwa vinachanika kila siku, kwa hiyo kazi haikukosekana. Lakini alikuwa ameanza kufanya jambo jipya, lililowashangaza waliomjua. Mteja akija na kazi ya haraka, na yeye mikono imemwishia nguvu, alimtazama usoni na kumwambia, “Leo nimechoka. Njoo kesho.”

Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine. Wengi walirudi kesho yake. Kijakazi alimwona mama yake alasiri, jua bado likiwaka, amejilaza mkekani mbele ya mlango, viatu pembeni, mjukuu mmoja amelala mkononi mwake, akahofu kwamba anaumwa.

“Mama, una nini?”

“Sina kitu, mwanangu,” Zuhra alijibu bila kufumbua macho. “Nimelala tu.”